Anwani Yenye Vitenzi: Kilosa na Mikumi Ndani ya Visanduku vya Mfumo

Riwaya tunaihakiki sura kwa sura, na shairi tunalipima mpaka mizani ya mwisho, lakini anwani tunamwachia karani. Ni kosa. Anwani nayo ni utungo: ina mpangilio, ina msemaji na msikilizaji, ina kilichotajwa na kilichoachwa. Na kwa kuwa siku hizi benki, vyama vya ushirika, hoteli na mamlaka za maji zinahamishia orodha za wateja wao kwenye kompyuta, umbo la anwani ndilo linaloamua nani atafikiwa na nani atapotea akiwa bado yumo kwenye orodha.

Nachukua mfano kutoka Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Nimeutunga mwenyewe, ila kwa kufuata namna watu wa huko wanavyojibu wakiulizwa wanakaa wapi:

"Kutoka Mikumi panda gari la Kilosa, shuka Ulaya. Ukifika sokoni fuata njia ya shule, nyumba ya tatu baada ya msikiti, mkono wa kushoto. Usipoiona uliza kwa mwenyekiti wa kitongoji. Barua zipitie sanduku la shule, Kilosa."

Karani anayaingiza maelezo haya katika mfumo wa kusimamia wateja. Mfumo una visanduku vyake, kila kimoja kina jina, na baadhi vina nyota nyekundu ya kulazimisha. Akimaliza, utungo umekuwa huu:

"Mtaa: Shuleni. Jiji: Ulaya. Jimbo: Kilosa. Postikodi: 00000. Nchi: Tanzania."

Jambo la kwanza la kutazama ni vitenzi. Maelezo ya mteja yana panda, shuka, fuata, uliza. Yana ukifika na usipoiona. Vyote vinamwelekea mtu mmoja wa nafsi ya pili, yule atakayekuja. Msemaji anamwona: ameshuka garini, amesimama sokoni na mkoba begani, hajui aelekee wapi. Anamwongoza hatua kwa hatua mpaka mlangoni. Maelezo ya mfumo hayana kitenzi hata kimoja. Ni majina matano yaliyopangwa safu, hayasemi na mtu yeyote, wala hayaonyeshi kwamba kuna mtu atakayesafiri kuyafuata.

Kitenzi ambacho upotevu wake unaniuma zaidi ni uliza. Kwa macho ya mtengenezaji wa mfumo, "uliza kwa mwenyekiti wa kitongoji" ni dalili ya anwani isiyokamilika. Anwani nzuri haipaswi kuhitaji swali. Mimi nakisoma kitenzi hicho kinyume chake. Hicho ndicho chombo cha kuhakiki kilichomo ndani ya anwani yenyewe. Mwenyekiti anajua nani amehama na nani amefariki. Anajua nani anaitwa jina moja kijijini na jina jingine kwenye cheti. Anayemwuliza anapata anwani iliyosahihishwa asubuhi hiyohiyo. Mfumo ulipokifuta kitenzi hicho ulifuta njia rahisi kuliko zote ya kujua kama anwani bado ni ya kweli, na baadaye kampuni italipa fedha kununua huduma nyingine ya kuhakiki ambayo haimjui mwenyekiti wala kitongoji chake.

Na neno usipoiona lina kazi yake. Mteja anakubali mapema kwamba nyumba inaweza isionekane, na anatoa njia ya pili kabla ya kuombwa. Ni utungo unaojua kwamba unaweza kushindwa. Visanduku havina nafasi ya kushindwa. Kisanduku kimejaa au hakijajaa, basi.

Visanduku hivi vina kwao. Namba ya nyumba na mtaa, jiji, jimbo, kisha tarakimu tano: huo ni mpangilio wa barua ya Marekani, nchi iliyoanza kutumia tarakimu hizo, ZIP, tarehe 1 Julai 1963. Salesforce, kampuni iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1999 na yenye mfumo wa wateja unaojulikana duniani kote, inaigawa anwani kwa mpangilio wa namna hiyo, mtaa, jiji, jimbo au mkoa, postikodi, nchi. Kwao mpangilio huu unafanya kazi vizuri kwa sababu nyuma yake lipo daftari. Posta ya Marekani ina orodha ya mahali inapofikisha barua, na inatoa ithibati kwa programu zinazolinganisha anwani na orodha hiyo. Royal Mail ya Uingereza ina ya kwake, inayoitwa PAF. Kuhakiki anwani huko ni kufungua daftari: ulichoandika kimo au hakimo.

Kilosa ulifika mpangilio bila daftari lake. Kisanduku kinadai mtaa, na nyuma ya kisanduku hakuna cha kusema mtaa huo upo au haupo. Kinachohakikiwa kinabaki kimoja tu, kwamba kisanduku hakiko tupu.

Hapo ndipo zilipotoka zile sifuri tano. Zisomwe kwa makini, kwa sababu katika utungo wote wa mfumo ndiyo sehemu pekee inayotoka kwa karani mwenyewe. Amedaiwa jibu asilokuwa nalo. Mteja mbele yake hajui postikodi ya kata yake, foleni ni ndefu, na mfumo haufungui ukurasa wa pili mpaka kisanduku kijae. Anaandika sifuri. Ofisi nyingine utakuta alama za x, nyingine neno "hakuna", nyingine postikodi ya ofisi yenyewe imerudiwa kwa kila mteja. Makao makuu wanapotoa ripoti wanaona kisanduku kimejaa kwa wateja wote, na wanaamini kazi imefanyika. Kisanduku kitupu kingewaambia ukweli, kwamba anwani hizi bado hazijathibitishwa. Nyota nyekundu iliyowekwa ili kulinda usahihi ndiyo iliyoleta uongo, na lawama haimhusu karani.

Visanduku vya jiji na jimbo navyo vina shida yao. Wilaya ya Kilosa haina jiji. Na mkazi wa Mikumi akiulizwa jimbo lake anajibu Mikumi bila kusita, kwa kuwa Mikumi ni jimbo la uchaguzi lenye mbunge wake. Jibu ni sahihi kwa mwananchi, lakini mfumo unaofuata orodha ya kimataifa ya mikoa unatambua Morogoro tu, kwa alama ya TZ-16. Unakataa, au unalikubali jina hilo kama mkoa mpya, na kuanzia siku hiyo ripoti za mauzo zina mkoa usiokuwapo.

Liko umbo jingine la anwani ambalo kila aliyesoma shule ya msingi nchini Tanzania analiandika bila kufikiri: lile la barua rasmi. Kona ya juu kulia, jina la shule au ofisi, chini yake S.L.P. na namba, chini yake mji, kisha tarehe. Ni umbo lenye nidhamu, mistari michache inayopanuka kadiri inavyoshuka. Lakini mji ulio katika mstari wa mwisho si lazima uwe mahali anapokaa mtu. Ni mahali posta ilipo. Mkazi wa Zombo, wa Masanze au wa Ulaya anaandika Kilosa kwa sababu sanduku liko Kilosa, na yeye mwenyewe huenda anafika mjini kwa nadra. Namba ya sanduku nayo haina maana ukiitenga na mji wake, maana kila ofisi ya posta ina hesabu yake ya masanduku. Namba iliyopo Kilosa ipo Morogoro, ipo Iringa, ipo Kigoma.

Mfumo unaoweka S.L.P. katika kisanduku cha mtaa na Kilosa katika kisanduku cha jiji umeandika herufi zote sawasawa na umekosea maana yote. Unamchukulia mteja kuwa anaishi Kilosa mjini, katika mtaa unaoitwa S.L.P. Chora ramani ya wateja kwa kutumia anwani hizo, uone: wilaya nzima, kuanzia milima ya Vidunda hadi mashamba ya mkonge ya Kimamba, imejikusanya mbele ya mlango wa posta. Meneja anayepanga mahali pa kufungua tawi jipya atalifungua palepale, na Vidunda wataendelea kupanda gari.

Sanduku moja, tena, lina wenyewe wengi. Shule inapokea barua za walimu na za wazazi. Misheni inapokea za waumini. Mkulima wa miwa wa Ruhembe au Kidodi anaweza kupokea zake kupitia chama chake cha ushirika. Hapa usahihishaji wa mashine unageuka kuwa hatari. Mifumo hii ina kazi ya kutafuta wateja waliojirudia: inalinganisha jina, anwani na simu, na ikiona vinafanana inapendekeza rekodi ziunganishwe. Wafikirie ndugu wawili wa Kidodi wenye jina moja la baba, sanduku moja la ushirika, na simu moja ya nyumbani kwa sababu mmoja wao hana simu. Wanatimiza masharti yote. Afisa akibonyeza kukubali, mmoja anabeba deni la mbolea la mwenzake na malipo ya miwa ya watu wawili yanaingia akaunti moja. Wataanza kutiliana shaka kabla hawajaushuku mfumo. Kosa lote la mashine ni kwamba imelisoma sanduku la posta kama nyumba.

Postikodi ya Tanzania ina umbo ambalo mimi nalipenda. Ni tarakimu tano: ya kwanza ni kanda, ya pili mkoa, ya tatu wilaya, mbili za mwisho kata. Morogoro ni 67. Inasomeka kutoka kikubwa kwenda kidogo, kinyume cha anwani ya barua inayoanza na mtu na kuishia mjini. Maumbo haya mawili yanakutana penye kata. Kuanzia kata kwenda juu tarakimu zinajitosheleza. Kuanzia kata kwenda chini, kwenye kijiji, kitongoji, njia na nyumba, tarakimu hazina la kusema na lazima maneno yashike kazi. Mfumo uliolielewa hilo ungeuliza kata kwanza, ukajaza wenyewe postikodi, wilaya na mkoa, kisha ukampa mteja nafasi pana ya kueleza njia. Mifumo mingi inakwenda kinyume. Inamdai mwananchi tarakimu ambazo hajawahi kuzikariri, halafu inambana kwenye herufi chache pale ambapo ana mengi ya kusema.

Tarakimu zikikosa nchi ni mtego. 67 ya Morogoro ni 67 ya Kansas pia, kwa kuwa ZIP za jimbo hilo la Marekani zinapita humo. Ni 67 ya Strasbourg nchini Ufaransa. Ni 67 ya Ludwigshafen na Kaiserslautern nchini Ujerumani. Kote huko ni tarakimu tano. Mfumo ambao mnunuzi hakubadilisha nchi iliyowekwa tangu kiwandani, ukipewa postikodi ya Mikumi, hauna sababu ya kulalamika: umeambiwa uhakikishe kuna tarakimu tano na zipo. Programu nyingine inakwenda mbali zaidi na kujaza mji wa Kansas ili kumsaidia karani. Kila kipimo kimepita, na mteja wa Mikumi amehamishiwa kwenye mashamba ya ngano ya Marekani.

Sasa majina, maana hapa Kilosa ina utajiri ambao mfumo wowote wa anwani ungepaswa kupimwa nao kabla ya kuuzwa Afrika Mashariki.

Ulaya ni kata, ipo kwenye barabara inayounganisha Mikumi na Kilosa. Mikumi nayo ina hoteli zinazoishi kwa watalii wa hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Hoteli moja inaweza kuwa na wageni waliotoka Ulaya ng'ambo ya bahari na mfanyakazi aliyetoka Ulaya ya Kilosa, wote katika mfumo mmoja. Akitokea mtu wa kusafisha orodha anayefuata kanuni kwamba Ulaya ni bara na haliwezi kuwa mji, atalifuta jina katika rekodi ya mfanyakazi akidhani ni uchafu. Magomeni ni kata ya Kilosa, na ni Magomeni ya Dar es Salaam, na ni Magomeni ya Unguja. Programu inayotafuta kwa jina peke yake inachagua yenye watu wengi, na Kilosa haishindi hata siku moja. Ruaha ni kata, na ni mto, na ni hifadhi ya taifa iliyo upande wa Iringa. Kimamba ni kata mbili, Kimamba A na Kimamba B. Herufi iliyobaki peke yake mwishoni inaonekana kama kosa la kuchapa, inafutwa, na kata mbili zinakuwa moja isiyokuwapo kwenye orodha ya kata. Hata Kilosa haiko peke yake: ndani ya mkoa huohuo wa Morogoro iko Kilosa kwa Mpepo, wilayani Malinyi, mbali sana na Kilosa hii ya reli na Mto Mkondoa.

Rudewa ndiyo mtihani mgumu kuliko yote. Programu za kusahihisha tahajia hupima umbali wa herufi kati ya jina lililoandikwa na majina inayoyajua, kisha huchagua lililo karibu na linalojulikana zaidi. Rudewa, kata ya Kilosa, iko mbali kwa herufi moja na Ludewa, wilaya nzima iliyoko Mkoa wa Njombe. Wilaya inajulikana kuliko kata, kwa hiyo programu inasahihisha R kuwa L na mteja anavuka mikoa kwa herufi moja. Kibaya zaidi, huwezi kuweka kanuni kwamba L ni kosa, kwa sababu watu wa Kilosa wenyewe hubadilishana R na L, na barabara ya kutoka Dumila imeandikwa katika nyaraka za serikali kama Dumila–Ludewa–Kilosa. Wajerumani nao walikuwa wakiandika Kilossa, kwa s mbili. Majina ya mahali hapa yamepita mikononi mwa waandishi wengi, na kila mmoja ameacha herufi yake.

Dawa yake ipo, wala si ghali. Mfumo usimlinganishe mteja na majina yote ya Tanzania. Umuulize wilaya kwanza, kisha ulinganishe alichoandika na kata za wilaya hiyo tu. Ndani ya Kilosa, Rudewa na Ludewa ni mahali pamoja na hakuna wa kugombana nayo. Ndani ya Kilosa, Ulaya ni kata na Magomeni ni moja. Kinachofanya jina lieleweke ni lile lililo juu yake, na mpangilio wa kuuliza maswali una uzito kuliko ujanja wa programu.

Mfumo una upungufu mwingine ambao ni mgumu kuuona: hauna wakati. Anwani inaandikwa kana kwamba imekuwa hivyo siku zote na itabaki hivyo. Gairo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kilosa mpaka ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Mteja wa Gairo aliyesajiliwa kabla ya hapo kama mtu wa Kilosa alisajiliwa sawasawa. Kuiita rekodi yake kosa ni kumsingizia karani wa zamani. Inahitaji kuhamishwa, na historia yake ihifadhiwe, ili anayetafuta mkataba wa mwaka 2010 aukute. Kilosa kwa Mpepo nayo ilikuwa Ulanga kabla ya Malinyi kuwa wilaya.

Maji pia huhamisha anwani. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa ulifurika, ukavunja makazi ya maelfu ya watu na kukata reli kati ya Kilosa na Gulwe. Familia zilikwenda kambini, na baadaye nyingi hazikurudi pale zilipokuwa. Orodha iliyosema wanaishi kandokando ya mto ilikuwa kweli Novemba na si kweli Januari. Rekodi ya anwani isiyo na tarehe ya kuthibitishwa haiwezi kumwambia msomaji iko upande upi wa mafuriko.

Wakati maofisini wanagombana na visanduku, wananchi wameshatengeneza umbo lao, na linafanya kazi kila siku. Nenda stendi ukayasome maboksi yanayopakiwa kwenye mabasi ya Iringa na Mbeya. Mzigo wa Mikumi una maandishi ya kalamu nene: MIKUMI kwa herufi kubwa, jina la mpokeaji, namba ya simu. Mara nyingi simu imeandikwa pande mbili za boksi, ili upande mmoja ukichanika mwingine ubaki. Hakuna mtaa, hakuna postikodi, hakuna wilaya. Vitenzi vimehamia kwenye simu: umefika wapi, njoo stendi, subiri basi la saa saba. Mpokeaji ndiye anayetembea kuufuata mzigo wake, na kondakta anahitaji kujua neno moja tu, mahali pa kusimama. Kama umbo ni la ufundi mkubwa: limeondoa yote isipokuwa kituo na sauti ya mtu.

Lina mipaka yake, na wanaosema simu inatosha siwakubalii. Namba hubadilika, laini hufungwa na kupewa mtu mwingine, simu hupotea shambani. Gari la wagonjwa halisubiri mtu aje stendi. Mahakama haipeleki wito kwa kumwita mtu kituo cha basi. Kwa mambo hayo lazima nyumba ijulikane.

Ndiyo sababu Operesheni ya Anwani za Makazi, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma tarehe 8 Februari 2022 ili kazi itangulie Sensa ya tarehe 23 Agosti mwaka huo, ni jambo kubwa kuliko vile vibao vya namba tunavyoviona ukutani na nguzo za majina barabarani. Ilianza kuandika lile daftari lililokosekana. Kwa mara ya kwanza nyumba ya kijijini ina namba, njia yake ina jina, kata yake ina postikodi, na vyote vimewekwa katika mfumo wa taifa, NaPA. Sasa inawezekana kuhakiki anwani ya Mikumi kwa kuilinganisha na kitu kilichopo.

Lakini daftari lisitumike kufuta maneno. Namba ya nyumba inasema nyumba ni ipi. Haisemi kwamba wakati wa masika njia ya shule haipitiki na inabidi uzungukie kanisani. Haisemi kwamba mwenye nyumba yuko shambani mpaka Juni. Maneno ya mteja yanajua hayo. Mfumo mzuri utaweka tungo mbili kando kwa kando: maneno ya mteja kama alivyoyasema, bila kuguswa na mashine, na anwani rasmi iliyotokana na kata, postikodi, njia na namba. S.L.P. iwe na nafasi yake, pamoja na mji wa posta, isichanganywe na makazi. Kila anwani iwe na tarehe ya kuthibitishwa na jina au cheo cha aliyethibitisha, awe mteja, mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kata. Kisichojulikana kiachwe kitupu. Na mashine ikidhani imeona kosa, iulize, isibadilishe.

Hilo la mwisho si suala la ustaarabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu ahakikishe ni sahihi, na inampa mwenye taarifa haki ya kudai zirekebishwe. Mteja wa Rudewa aliyehamishiwa Njombe na programu hakuulizwa, hakujulishwa, na hawezi kudai marekebisho ya kitu asichokijua.

Kwa hiyo anayenunua mfumo wa wateja kwa ajili ya ushirika, hoteli au mamlaka ya maji wilayani Kilosa asianze na bei. Amketishe muuzaji ampe anwani tatu aziingize hapohapo: mkazi wa Rudewa, mkazi wa Kimamba B, na mkazi wa Magomeni ya Kilosa. Atazame mfumo unawapeleka wapi. Ukimtoa hata mmoja nje ya wilaya bila kuuliza, asiununue.